Mvi za Baba

Kijijini kwetu, bara ya Malindi, mzee akiota mvi huitwa mchawi, na wengine wamekatwa mapanga kwa hilo tu. Basi kila mwezi nilimpaka baba piko nyeusi kichwani. Nilichukia kazi ile! Mtu mwema kama yeye, ajifiche kama mwizi.

Mwaka jana nikamhamishia kwangu Kibarani, mbali na kijiji. Jumapili moja akapewa kusoma somo la Mithali kanisani, pale panaposifu mvi za mwenye haki. Alilimaliza huku akifuta machozi. Tuliporudi nyumbani nikatoa piko.

"Tupa, mwanangu," akasema.

Sasa kichwa chake ni cheupe pe. Juzi vijana watatu walimjia mbio wakiita, "Mzee! Mzee!" Nikachomoka jikoni na mwiko mkononi. Kumbe walitaka kumwamkia tu.