Koti la Mkwaruzo

Nyuma ya mlango wa maabara ya Mama Lami kuna msumari usio na kitu. Amewakataza watu wasitundike chochote pale, wala mwavuli, wala mkoba, wala kofia. Ukiusogelea utaona umbo la koti kwenye rangi ya ukuta: mabega, mgongo, na pindo lililochafua chokaa kwa miaka mingi.

Nimewahi kuingia maabara za miji mbalimbali, na hii ingeweza kuwa katika mji wowote kati ya hiyo. Chumba ni kirefu na chembamba. Meza za mbao zimetobolewa na asidi, bomba linadondoka hata likifungwa kwa nguvu, na kioo kimoja cha dirisha kimezibwa kwa karatasi ngumu. Mama Lami amefundisha kemia humo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Jina alipewa na wanafunzi, kwa sababu kwa muda mrefu kila alichokitoa katika chupa zake kilikuwa cheusi na cha kunata, mfano wa lami ya barabarani. Halimuudhi tena. Amelizoea kama mtu anavyozoea kovu.

Humo ndani walikuwa wawili. Wa pili alikuwa mwalimu wake wa zamani, baadaye mwenzake, ambaye yeye alimwita Kaka na chuo kizima kilimwita Mkwaruzo. Walikuwa wakitafuta kiini kilichomo katika gome la mti fulani wa porini, kiini kinachozuia wadudu wasitoboe nafaka ghalani. Kwamba gome lilikuwa na nguvu, hilo halikuwa na ubishi. Shida ilikuwa kukitoa kiini chenyewe kikiwa safi, katika fuwele, yaani chembe zenye umbo lake kama zile za chumvi au sukari. Wao kila mara walipata mafuta mazito.

"Mafuta yanaweza kuficha mambo mengi," Mkwaruzo alipenda kusema. "Fuwele haifichi."

Wanakemia wana njia yao ya kuzibembeleza fuwele zije. Huchukua kijiti cha kioo na kukwaruza ndani ya chupa, ili zile chembe zipate pa kushika. Mzee alikwaruza asubuhi, akakwaruza baada ya chakula, huku akiimba kwa mluzi. Mwalimu wa fizikia, aliyekuwa chumba cha pili, alikuwa akigonga ukuta.

"Mzee! Meno yangu!"

"Yalete huku, nayo niyakwaruze!"

Alasiri moja mluzi ulikatika. Mama Lami aligeuka akamkuta Kaka yake ameketi, chupa iko mbele yake, na ndani ya chupa sindano nyeupe zinajipanga moja baada ya nyingine. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Mdogo wangu, funga dirisha. Zisije zikaona nje zikajuta kuja."

Habari ilifika chumba cha walimu, na huko haikupokelewa vizuri. Mtu mmoja akasema ni sukari, mzee kamwagia chai. Wengine wakacheka. Kicheko cha chumba cha walimu hakina makali mengi, ila hakiishi. Mpaka mzee anaugua, walikuwa bado wanamuuliza kama chai yake imeshaganda. Alifariki mwaka uleule, kabla mtu yeyote wa nje hajaithibitisha kazi yao.

Mjane wake alikuja kuchukua vitu vyake. Alichukua miwani, kikombe na redio ndogo. Koti aliliangalia pale msumarini, akaliacha.

"Libaki kwako, wifi. Nyumbani halikuingia hata siku moja. Nilimkataza, linanuka."

Mama Lami akalirithi. Alilivaa kila siku ya kazi na hakulifua, maana harufu ile ya spiriti na gome ndiyo iliyobaki ya Kaka yake.

Miaka michache baadaye Chama cha Wanakemia kilimpendekeza kwa nishani ya utafiti. Kilikuwa na masharti mawili. Kwanza, nishani haipewi marehemu wala jina lake halitajwi katika tuzo. Pili, ugunduzi lazima urudiwe na mkono mwingine katika maabara nyingine. Sharti la kwanza lilimuuma, akalimeza. Tumaini lake aliliweka kwenye la pili.

"Kazi ikiaminika, naye ataaminika," alimwambia binti yake. "Ikikataliwa, tutakuwa waongo wawili, na mmoja hana mdomo wa kujitetea."

Aliyepewa kazi ya kurudia alikuwa profesa wa makamo katika mji mwingine, mwenye maabara mpya ambayo kwenye sakafu yake unaweza kujitazama uso. Alifuata maelekezo hatua kwa hatua. Akapata mafuta. Akarudia, akapata mafuta. Kwa heshima akamwalika Mama Lami aje afanye kwa mikono yake mwenyewe.

Alikwenda. Mlangoni, kwa taratibu za pale, alivua viatu, akaacha mkoba na lile koti kuukuu la Kaka yake, akapewa jipya kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Alichemsha, akachuja, akapoza. Chupani kikatulia kitu cha rangi ya asali. Akakwaruza mpaka mkono ukafa ganzi. Profesa alisimama kando, hajui aangalie wapi.

"Pengine gome la msimu huu, Mama..."

"Gome ni lilelile."

"Basi nitalazimika kuandika nilichokiona."

"Andika, mwanangu. Ningekuwa wewe ningeandika hivyohivyo."

Alirudi kwake. Asubuhi iliyofuata alikuwa akitengeneza chupa nyingine, ili ajihakikishie kwamba hajaota, mwalimu wa fizikia alipochungulia mlangoni.

"Mama Lami, mbona siku hizi sisikii ule mkwaruzo? Meno yangu yameanza kuukosa."

"Hatukwaruzi tena. Zinakuja zenyewe."

Alisema hivyo huku akifuta meza, kisha kitambaa kikasimama. Zinakuja zenyewe. Tangu lini? Tangu siku ile ya dirisha. Kabla ya siku ile, miaka ya lami tupu. Baada yake, hakuna chupa iliyokataa, hata za wanafunzi wasiojua kuchemsha chai. Fuwele ya kwanza ndiyo ngumu. Ikishapatikana, vumbi lake lisiloonekana hutua kwenye nyufa za meza, kwenye karatasi ya dirisha, kwenye nguo, na chembe moja ikidondokea chupani huwa mbegu, nyingine zote huifuata. Ile maabara ya sakafu ya kioo ilikuwa safi mno. Haikuwa na mbegu. Na yeye mbegu alizivua mlangoni.

Akampigia profesa simu.

"Koti?" profesa aliuliza.

"Koti."

"Mama, shikamoo tena, maana naona tunaanza upya." Akacheka kidogo. "Hizi hadithi nazijua. Mwalimu wangu alidai mbegu zimo ndevuni mwake. Lakini sijawahi kuandika ndevu kwenye ripoti."

"Kwani uliwahi kukosa fuwele namna hii?"

Profesa akasema lililokuwa moyoni. "Watasema umezileta fuwele zako, ukazimwaga chupani kwangu."

"Kwa hiyo mimi siji. Chupa yako ya kwanza umeimwaga?"

"Ipo kabatini."

"Igawe mara mbili. Nusu ifunge. Nusu ya pili, kung'uta juu yake kitambaa nitakachokutumia. Halafu chukua mafuta mengine yoyote uliyonayo, uyakung'utie nayo. Mbegu ya mahindi haioti kunde. Kama hicho ulichokipika sicho, hakitaota kitu."

Akachukua mkasi. Binti yake alimkuta mezani ameunyoosha mkono wa kushoto wa koti.

"Mama! Koti ambalo hutaki hata liguswe na maji?"

"Maji yangemwondoa. Mkasi unampeleka."

Simu ilikuja siku kadhaa baadaye. Profesa alikuwa anaongea kwa vipande. "Ile iliyofungwa bado asali. Mafuta mengine, kimya. Lakini yetu..." Mama Lami alilisikia neno hilo, yetu. "Yetu imejaa sindano. Nimeigeuza chupa juu chini, hakidondoki kitu."

"Basi ulikuwa nayo tangu mwanzo."

"Nilikuwa nayo kabatini, Mama, na nikaandika kwamba haipo. Nitaandika upya, na nitaandika kwamba nilikosea."

Chama kilitaka maabara ya tatu ijaribu pia. Mkono wa kulia ukaenda huko, na huko nako zikaota.

Sherehe ilifanyika mchana, katika ukumbi wa viti vya kukunja. Mwenyekiti alisoma tuzo, akataja jina moja kama sharti lilivyotaka. Mama Lami alisimama, akavishwa nishani, akaketi. Kando yake alikuwa mjane wa Mkwaruzo, ameshika mkoba magotini, uso hauna lolote.

Kisha, kama ilivyo desturi, aliyerudia kazi aliitwa aeleze alivyoirudia. Profesa alisoma kwa sauti ya kawaida, bila mbwembwe. Katika maelezo ya namna hiyo kila kitu lazima kisemwe kilikotoka, maana usiposema, mwingine hawezi kurudia. Akasema gome lilitoka wapi, spiriti ilitoka wapi. "Mbegu ya fuwele," akaendelea, "ilitoka kwenye koti la marehemu," akataja majina yote ya mzee pamoja na cheo chake, yale majina ambayo wengi ukumbini hawakuwahi kuyasikia, "ambaye ndiye aliyezipata fuwele hizi kwanza, kwa kukwaruza."

Mwenyekiti aliinua kichwa. Kisha akayarudisha macho kwenye karatasi yake. Tuzo ilikuwa imekwisha kusomwa, na asili ya mbegu haifutwi na mtu. Nyuma kabisa mwalimu wa fizikia alianza kupiga makofi peke yake, na ukumbi ukamfuata.

"Umewaomba wamtaje?" mjane alinong'ona.

"Sikuomba, wifi. Ndivyo inavyoandikwa."

Walipotoka walipitia maabara. Mjane alisimama mbele ya ule msumari kwa muda, akaligusa koti lisilo na mikono, akalinusa. Kisha akalishusha, akalikunja kwa uangalifu kama nguo ya sherehe, na kulitia mkobani.

"Safari hii," alisema, "nitaliingiza ndani."