Kabla Hujabadilisha Kozi, Muulize Mama Yako

Nakumbuka mchana mmoja pale nyumbani Ndalambo, mwanangu, wageni wa posa wameketi sebuleni, nami ni mwanafunzi mpya wa chuo kikuu, nimerudi likizo yangu ya kwanza kichwa kimejaa mihadhara. Mchana huo nimeukwepa kwa miaka mingi. Ningeendelea kuukwepa kama si ujumbe wako wa juzi: "Mama mdogo, nimepata nafasi ya saikolojia, mama hataki hata kulisikia jina lake, na dirisha la kubadilisha kozi linakaribia kufungwa. Niambie nifanye nini."

Nimechoka, sitakuficha. Kazi ya ushauri nasaha nimeifanya mpaka nimestaafu, na siku hizi hata jirani akija kunisalimu, nikimwona anavuta pumzi kabla ya kuanza kusema, natamani ningekuwa nimejifanya nimelala. Kwa hiyo usitegemee nikusifie kozi hiyo. Wala sitakwambia uiache. Wewe unadhani mama yako anapinga kwa sababu ya ajira, maana ndivyo alivyokueleza: Tunduma ni mpakani, malori hayaishi, soma forodha, soma ugavi, upate kula na wenzako. Ni maneno ya kweli, na wapo pale kwenu Chapwa waliosomesha watoto hivyo na leo wana nyumba nzuri. Lakini hiyo siyo sababu yake. Sababu yake ni mimi.

Kabla sijaanza kukuandikia nilimpigia simu. Nilimwomba ruhusa, kwa kuwa jambo lenyewe ni lake kuliko langu. Akasema, "Mwambie. Ila usijipendelee." Nitajitahidi.

Tulizaliwa watatu: Yona, halafu mama yako Lista, halafu mimi. Mama yetu alifariki mapema, tukalelewa na baba na bibi yetu Nambeye, mama wa baba. Mjomba wako Yona wewe ulimjua akiwa mtu mzima, akifagia uwanja wenu asubuhi huku anaimba tenzi. Hukumjua akiwa kijana. Alikuwa hodari wa masomo kuliko sisi wote. Alipofika sekondari akaanza kusikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia, akaacha kuoga, akaacha kulala, shule ikamrudisha nyumbani. Babu yako alikuwa mzee wa kanisa. Alimpeleka kwenye maombi, na maombi yalipokawia kujibiwa akampeleka kwa waganga ng'ambo, Zambia, jambo ambalo kanisani hakuwahi kulisema. Mwisho akamjengea chumba nyuma ya nyumba, karibu na ghala la ulezi. Wageni wakija, Yona alipelekewa chakula huko na mlango ukarudishiwa. Hakuna aliyemfunga kamba, wala hakuna aliyemtaja.

Kwa ajili yake nilichagua saikolojia. Nilijiambia nitausoma ugonjwa wa kaka yangu mpaka niumalize, nirudi Ndalambo nimtoe kwenye kile chumba. Ukiwa na umri ule, mwanangu, mambo makubwa unayaona yako karibu tu.

Sasa nirudi kwenye posa. Kwetu vijana kupendana hakutoshi, ukoo huchunguzwa. Upande wa mwanamume humtuma mtu mzima anayejua kuuliza bila kuonekana anauliza: kwenu kuna kifafa? Kuna aliyejiua? Kuna kichaa? Kijana aliyemtaka mama yako alikuwa wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anauza mahindi, mpole, na mama yako alimpenda haswa. Hilo ulijue, kwa sababu yeye hatakwambia. Siku zile alikuwa akienda kisimani anacheka peke yake.

Mshenga wao alikuwa mzee mwenye adabu nyingi. "Mwapoleni mukwai," akatuamkia, akajikunja na kupiga makofi taratibu kama inavyopasa. Akala ugali na kuku, akausifu mchuzi, akauliza habari za mvua na za ng'ombe. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nakusanya sahani.

"Na huyu binti yetu wa chuo, anasomea nini?"

"Saikolojia, babu."

"Ndiyo kitu gani hicho, mwanangu?"

Ningeweza kumjibu kwamba ni elimu ya tabia za watu, nikabeba sahani zangu nikaenda jikoni. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine, na kwamba kuuficha kunamwongezea mgonjwa mateso. Niliamini kila neno, na hata leo naamini. Nikaweka sahani chini.

"Ni elimu ya akili ya mtu," nikasema, "ikiwa nzima na ikiugua. Kaka yetu Yona anaumwa ugonjwa huo. Yuko chumba cha nyuma. Kwa ajili yake ndiyo naisoma."

Baba akainama akaangalia mikono yake. Mama yako alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni. Uso wake sikuuona, niliona vidole tu, vimelishika pazia kwa nguvu.

Yona naye alikuwa amelisikia jina lake. Tangu augue halikuwahi kutajwa mbele ya wageni. Akatoka, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa mbele, shati kalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akapiga magoti, akawaamkia wazee mmoja mmoja kwa adabu iliyonishinda mimi, kisha akaketi. Mshenga akampokea vizuri, wakazungumza habari za tenzi. Mchana ule hakuna aliyemfanyia mwenzake ubaya. Wakaaga, wakashukuru kwa chakula, wakasema watarudi kupanga siku.

Hawakurudi. Baadaye tukasikia yule kijana amechumbia Isoka, hukohuko ng'ambo, kwa watu wake.

Lakini jioni ya siku ileile, kabla hatujajua hayo, mimi nilikuwa najiona shujaa. Bibi Nambeye alinikuta nyuma ya nyumba nabangua karanga, na kabla hajasema lolote nikaanza kujitetea kwamba nilichosema kilikuwa kweli tupu.

"Kweli umesema, nani kakukatalia?" akanijibu. "Yona ameketi na wageni. Tangu augue sijaona hilo, na nimelia kwa furaha. Lakini hukusema habari zako, mjukuu wangu. Umesema za Yona, na atakayelipa ni Lista. Kati yao ulimuuliza nani?"

Akavuta kigoda akaketi, akachukua karanga kwenye ungo wangu, akaanza kubangua pamoja nami. Baada ya muda akasema bila kuniangalia, "Ukisomea hayo, watu watakuletea mambo yao maisha yako yote. Kama yote utayaona ni yako ya kusema, afadhali urudi tulime ulezi."

Nimekemewa na wengi katika maisha, na walimu na wakubwa wa kazi, lakini maneno yale ndiyo yaliyonikaa. Mama yako hakunigombeza. Alipika, alifua, alinipa chakula changu, na hakusema nami neno mpaka likizo ikaisha. Niliporudi chuoni nilikwenda kupanga foleni nibadilishe kozi, kama unavyofikiria kufanya wewe. Nilipokaribia dirishani nikaondoka. Usidhani ni ujasiri. Niliona kwamba nikiiacha, Lista atakuwa amempoteza yule kijana bure kabisa.

Miaka ikapita, akaja baba yako kutoka Ruanda, hii ya huku kwetu, si ile nchi, kijana wa mashamba ya kahawa. Safari hii, kabla mshenga hajafungua mdomo, mama yako aliingia sebuleni amemshika Yona mkono. Akamketisha kwenye kiti kizuri. "Huyu ni kaka yangu," akasema. "Anaumwa akili. Nitakapokwenda, naye anakuja. Sasa ulizeni mengine." Baba akainama tena, nami nikafumba macho nikisubiri wageni waombe njia. Baba yako, ambaye hakutakiwa hata kusema siku ile, akacheka, akasema kwao kahawa ni nyingi na mikono haitoshi. Maneno ya Lista yalikuwa karibu yaleyale ya kwangu, mwanangu, ila alikuwa ameyachagua mwenyewe, na Yona alikuwa amekubali tangu asubuhi. Nilikwenda kulia ghalani.

Basi sikiliza ninachokwambia. Usiisome saikolojia ili umponye mtu mmoja wa nyumbani. Mimi Yona sikumponya. Kilichomsaidia ni dawa za kliniki, na mama yako aliyehakikisha anazimeza na anakula. Usiisome kwa sababu rafiki zako wanasema unajua kusikiliza, maana kumsikiliza rafiki ni raha, na kusikiliza kila siku watu ambao wengi hawatarudi kukwambia kama walipona ni kazi inayochosha mifupa. Wala usiiache kwa kuogopa ajira peke yake, kwa sababu hata hao wa forodha wapo wanaozunguka na vyeti. Na ukibaki, kila utakachoambiwa na mtu, jua kwamba kinaendelea kuwa chake.

Kabla dirisha halijafungwa, panda gari uende Chapwa. Usiende kumshawishi mama yako. Muulize mchana ule ulikuwaje kwake, nyuma ya pazia. Mimi nimekusimulia wa kwangu, lakini wa kwake siujui. Nilimwomba msamaha mara nyingi, akanisamehe mara nyingi, ila kumuuliza sikuwahi. Nilikuwa na cheti cha kuuliza watu, nikawauliza wageni mpaka nikastaafu, na dada yangu nikamwogopa. Akianza kusema, nyamaza. Usinitetee mimi, usimfundishe ulichosoma, usimkimbilie na leso akilia. Ukiweza kukaa hapo mpaka amalize, rudi chuoni ubaki kwenye kozi yako, na yeye hatakuzuia. Ukishindwa, kasome forodha kwa moyo mweupe, hakuna aibu yoyote.

Mungu akupe uvumilivu ulionipungukia mimi, mwanangu. Akulinde na ulimi unaowahi. Na mama yako akufungulie moyo wake, azungumze mpaka aseme, "Basi, nimemaliza," maana hakuna kati yetu aliyewahi kumngoja mpaka afike hapo.