Nilivyoitangaza Nyumba ya Obed

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na sitafuti wa kunisaidia.

Nilishusha kitanda cha mama yangu kwenye baraza ya mtu pale Mikumi, nikagonga mlango, akatoka mama mmoja mtu mzima, unga mikononi. Nikamwambia, "Wewe ndiye mpangaji? Leo ndiyo mwisho. Hama."

Alinitazama kuanzia kwenye ndala mpaka kwenye kofia.

"Kwenu hamuamkii?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, rudia ulichosema."

Nikarudia. Sauti ilikuwa imepungua nusu.

"Nyumba hii nimejenga na marehemu mume wangu. Nani kakuuzia?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha. Bati la kijani, baraza, mpapai. Picha moja na yeye yumo, kwa mbali, anaanika nguo.

"Na huyu anayeanika ulidhani nani?"

"Nilidhani mpangaji, mama."

Dereva wa Fuso lililotubebea vyombo alicheka mpaka akakaa chini.

Mama yangu hakucheka. Alikaa juu ya godoro lake, akajifunika kanga usoni.

Sisi tulikuwa Rudewa. Ugomvi wa mashamba na mifugo ulipozidi, mama akasema amechoka kulala sikio likiwa nje. Tukauza ng'ombe wote aliotuachia baba. Hakubaki hata ndama. Ile nyumba ndiyo ilikuwa maisha yake yaliyobaki.

Nilikuwa nimeipata Facebook, kwenye kundi la nyumba na viwanja. Dalali anaitwa Obed. Suti, tabasamu, kila neno "kaka".

Usinione bwege moja kwa moja. Nilimwambia nataka kwanza kuonana na majirani na mwenyekiti wa mtaa.

"Dotto kaka, usijiharibie. Wakisikia mfugaji anahamia, watadhani unakuja na zizi. Watakukataa hata hujafika. Lipa, ingia, salimia ukiwa ndani. Nani atakutoa?"

Hapo aliniweza. Uoga wetu sisi watu wa ng'ombe aliujua kuliko sisi wenyewe.

Nikapita Mikumi na basi, nikachungulia dirishani, bati nikaliona ni lile lile. Nikatuma pesa.

Simu yake ilizimwa siku ile ile tuliyoshusha vyombo. Polisi nilikwenda. Laini ilikuwa na jina la bibi mmoja ambaye alishazikwa.

Nimeingizwa mjini, tena nauli nimejilipia.

Yule mwenye nyumba, Mama Anastazia, Mungu amzidishie, alitupa banda la nyuma tujishikize. Na mama yangu, mtu aliyekuwa na boma lake, akawa anaamka alfajiri kufagia uwanja wa mwenzake ili asionekane mzigo.

Kila nikisikia ule ufagio, damu inachemka.

Sasa sikia. Obed alizima simu, lakini kujisifu kulimshinda kuzima.

Facebook bado alikuwepo! Obed kwenye kochi. Obed mbele ya geti jekundu. "Mungu ametenda, makazi mema, Magole."

Nikazihifadhi picha zote. Nikafungua akaunti nyingine, nikajiita Nikolaus, nikaandika hivi:

"NYUMBA INAUZWA MAGOLE. Vyumba vinne, geti jekundu, umeme upo. Bei ya kutupa. Usipige simu, njoo uone. Mwenyewe anamwonea haya mkewe, kwa hiyo atasema haiuzwi. Wewe pima tu."

Alhamisi walikwenda wawili. Ijumaa sita. Jumamosi Noah mbili zilitoka Morogoro, watu wana futi kamba mkononi.

Nilikuwa nafuatilia kwenye komenti huku najipigia makofi. Mmoja aliandika, "Nimefika. Mwenyewe kanitoa na jembe, ila choo ni kizuri."

Jumapili ukaingia ujumbe.

"Naitwa Agness, mke wa Obed. Wewe ni nani, na nyumba hii unaiuza kama nani?"

Kicheko kikaniisha. Nikaandika ukweli wote. Nikamtumia na uthibitisho wa malipo, na picha ya mama ameshika ufagio.

Nikakaa na simu mkononi saa nzima.

Halafu: "Njoo Jumatano. Uje na mama."

Na wewe unayesoma hapa huku unatafuta nyumba kwenye simu, nikwambie nilichokilipia mimi: picha haina majirani. Nenda kaombe maji mlango wa pili, uulize. Na dalali akikukataza kuongea na majirani, mkimbie huyo kabla hajamaliza kusema "kaka".

Jumatano tulikuta geti jekundu wazi, watu wageni wanaingiza magodoro. Obed alikuwa sebuleni, suti hakuna, amevaa singlendi. Kuniona tu akaruka.

"Huyu hapa! Ndiye aliyeitangaza nyumba yangu!"

Kaka yake Agness, Vitalis, alikuwa ameegemea mlango.

"Nyumba yako? Shemeji, hii kaijenga marehemu baba yetu. Sisi tulikupa dada, nyumba hatukukupa."

Agness akapiga goti mbele ya mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akamwekea bahasha ya pesa mapajani. "Hawa ni baadhi ya ng'ombe wako. Waliobaki watatoka kwenye pikipiki yake, mnunuzi anakuja kuichukua jioni. Katika wale waliokuja kupima, mmoja tumempangishia nyumba nzima, kalipa mwaka, ndizo hizo za kwenye bahasha. Mimi narudi kwa kaka."

Mama aliishika ile bahasha kwa mikono miwili.

Obed akageuka kwangu, akageuka kwa Vitalis, mwisho akamwangukia mkewe. Nasema kweli, nilitamani kumhurumia, nikashindwa.

"Agness, mke wangu, haya yameshatokea. Sasa mimi nitakaa wapi?"

Agness alikuwa anafunga sanduku lake. Hakuinua hata kichwa.

"Si una simu? Tafuta."