"Andika kwamba nina wivu": fundi Marlys na choo cha Ardith

Saa mbili na nusu asubuhi, Marlys Ostby amelala kifudifudi kwenye sakafu ya choo kisichomtosha. Kichwa kipo nyuma ya bakuli, kiuno kipo mlangoni, na miguu yenye soksi za sufu imefika jikoni, ambako mwenye nyumba, Ardith Kjelland, anakaanga mayai na kuiruka kila anapofuata chumvi.

"Ardith, nani alikuwa hapa kabla yangu?" anauliza Marlys kutoka chini.

"Unajua nani."

"Najua. Nataka nikusikie ukisema."

Ardith anageuza yai. "Coy. Mara mbili."

Kutoka nyuma ya bakuli unasikika mguno wa mtu aliyeumwa na jino.

Marlys, mwenye umri wa miaka 63, ni fundi wa maji na vyoo vya trela za makazi, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazokokotwa na gari, katika kambi ya Mesquite Bend, nje kidogo ya Yuma, Arizona. Kila Novemba wazee wa Dakota na Minnesota huzikokota hadi huku wakiikimbia theluji, na kila Aprili huzirudisha kwao. Marlys yeye hana pa kurudi. Alipofiwa na mumewe, Gaylen, aliuza nyumba yao ya Minot, Dakota, akanunua trela ya futi 24, na sasa anaishi humo mwaka mzima, hata Julai ambapo jua la hapa halina utani na mtu.

Kazi moja ni dola sitini. Msimu mzuri alikuwa akipata kazi nne kwa siku; msimu huu akipata mbili anashukuru.

Sababu ya kupungua huko ina jina. Coy Sandlin, kijana wa miaka 38 kutoka Amarillo, Texas, alifika Februari ya mwaka jana na gari jeupe lenye rafu pande zote, kila spana mahali pake, na kamera ndogo ya kupenyeza ndani ya bomba. Ana adabu za kwao, kila mwanamke kwake ni mama.

"Ananiita mama!" anasema Marlys. "Nimemzaa lini?"

Mwandishi alipomuuliza kama hilo ndilo tatizo lenyewe, hakuzunguka mbuyu. "Andika kwamba nina wivu. Usiseme 'ana wasiwasi juu ya ushindani', watu watacheka. Wivu. Nikiliona lile gari lake limeegeshwa mbele ya trela ya mteja wangu, chakula hakishuki."

Wivu wake una tarehe pia. Kila Januari, Jumamosi ya tatu, kambi nzima hukutana ukumbini kula chapati za maji na shira. Sahani zikiwa bado zina moto, meneja hutaja majina ya mafundi, na watu huinua uma kumchagua fundi wa kambi. Anayeshinda jina lake huandikwa kwenye ubao wa lango kuu, na kila trela mpya inayoingia hupewa karatasi yenye namba yake ya simu.

Kwa miaka kumi na moja jina hilo limekuwa la Marlys. Leo ni Alhamisi. Chapati ni keshokutwa, na mpishi wake mkuu ni huyu huyu Ardith anayeruka miguu.

Ndiyo maana Marlys alipopigiwa simu alfajiri aliacha kahawa mezani.

Choo cha akina Kjelland kilianza kutoa maji sakafuni Novemba, wiki ya kwanza waliyowasili kutoka Rugby, Dakota Kaskazini. Kwa wiki tisa kilichokuwa kikitengenezwa ni lawama. Wenye trela wana mgawanyo wao wa kazi, na haujaandikwa popote: mume ni wa nje, mipira ya maji, nyaya na magurudumu, mke ni wa ndani. Choo kimekaa mpakani.

"Maji yako ndani, kwa hiyo ni ya kwake," anasema Orrin, mumewe Ardith, aliyekaa kwenye ngazi ya mlango na kikombe chake.

"Bomba linatoka nje, kwa hiyo ni la kwake," anajibu Ardith. "Na ananiambia namwaga maji nikideki. Miaka arobaini na nne ya ndoa, leo sijui kudeki!"

Coy alipoitwa alikuta maji yanatokea pale choo kinapokutana na sakafu. Akabadilisha mpira wa chini. Maji yakarudi. Akabadilisha tena, akatia na gundi. Yakarudi tena.

Marlys anafanya kazi kizamani. Kwanza anakausha kila kitu kwa taulo, hadi nyuma ya bakuli ambako mkono unapita kwa shida. Kisha anachana karatasi za chooni vipande vidogo na kuvipanga sakafuni kuzunguka choo chote. Mwisho anamwomba Ardith rangi ya keki, ile ya bluu, anatia matone kumi kwenye bakuli lililojaa maji, na kutoka kwenda kula yai.

"Karatasi ikilowa bluu, maji yanapita chini, kwenye ule mpira," anaeleza. "Ikilowa maji meupe, yanatoka juu, kabla hayajafika bakulini. Choo hakijui kusema uongo."

Nusu saa baadaye anapiga tena magoti. Karatasi zote ni kavu. Mpira wa Coy umekaa vizuri, hautoi hata tone.

Wivu wake hauna aibu. Anaugusa ule mpira kwa kidole, anaukagua kwa tochi upande huu na ule akitafuta kasoro, na asipoiona anakasirika. "Ameuweka sawasawa, mshenzi," anasema.

Sasa anaingiza mkono nyuma na kukanyaga pedali, ile ya chini inayoachia maji bakulini. Bakuli linajisafisha. Mkono unarudi umelowa, na maji ni meupe, hayana bluu. Anakanyaga tena akimulika. Kwenye koki ya plastiki iliyo nyuma ya choo kuna ufa mwembamba kama unywele. Pedali ikikanyagwa, ufa unafunguka na maji yanateremka mgongoni mwa bakuli hadi sakafuni, yakitokea palepale penye mpira. Ukiachia, unafumba. Coy aliona yanakotokea, hakuona yanakotoka.

"Nimempata!" anapiga kelele Marlys, na sauti yake ni ya mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Halafu anaimulika pedali.

Koki za namna hii hupasuliwa na kitu kimoja tu, barafu. Aprili, trela zinaporudi kaskazini, usiku wa Wyoming, njiani, maji bado huganda. Kwa hiyo kabla ya safari fundi huondoa maji yote kwenye mabomba na kusukuma dawa ya pinki isiyoganda, bomba moja baada ya jingine, na mwisho kabisa hukanyaga pedali ya choo mpaka pinki itokee. Asipokanyaga, maji hubaki ndani ya koki. Marlys ana desturi ya kufunga utepe wa pinki kwenye kila sehemu aliyoimaliza.

Kwenye bomba la jikoni la Ardith utepe bado upo. Kwenye bomba la bafuni upo.

"Nilidhani ni urembo," anasema Ardith. "Nikauacha."

Kwenye pedali ya choo hakuna. Na aliyeiandaa trela hii Aprili iliyopita hakuwa Coy, alikuwa Marlys mwenyewe.

Anasema alikumbuka palepale, akiwa bado sakafuni. Siku ile aliinua macho dirishani akamwona Coy ametoka chini ya trela ya jirani wa mbele, mteja wake Marlys wa miaka tisa, na jirani huyo anampa keki ya ndizi kwenye sahani. "Mimi katika miaka tisa sikuwahi kupewa hata kipande. Nikafunga kisanduku changu nikatoka. Pedali sikuigusa."

Orrin, ambaye hajui lolote kati ya haya, anauliza kutoka kwenye ngazi, "Kwa hiyo yule kijana wa Texas ndiye katuharibia?"

Marlys alichukua spana. Alibadilisha koki kwa dakika ishirini, akajaribu pedali mara kumi na tano, akakataa malipo kwa kisingizio kwamba ni kazi ndogo, na akaondoka. Mwandishi hakumwuliza kitu. Uso wake haukuwa wa kuulizwa.

Saa kumi jioni, Mesquite Bend ni saa ya viti. Kila mtu huja na kiti chake cha kukunja na kikombe chake, watu hukaa duara, na hapo ndipo kambi inapoamua nani ni mwema na nani si lolote. Siku hiyo Orrin alikuwa ameshawasili mapema.

"Mpira mara mbili! Na gundi juu!" alikuwa akisema. "Marlys kaja, nusu saa, basi. Na karatasi za chooni tu, hana kamera wala nini."

Coy alikuwepo, amekaa pembeni, masikio mekundu. "Nilikosea, mzee," alisema. "Nitakuja kukukagulia sakafu bure."

Watu wakamtazama Marlys kwa macho ya wapiga kura. Ushindi ulikuwa mikononi mwake, na kuupata hakukuhitaji neno hata moja.

"Nilikaa nao mdomoni kama peremende," anakumbuka. "Dakika nne hivi. Ulikuwa mtamu, sikudanganyi."

Kisha akasema, "Orrin, hebu nyamaza. Choo chako nimekiharibu mimi."

"Wewe? Lini?"

"Aprili. Sikukanyaga pedali. Maji yakaganda njiani."

"Wewe ulisahau?"

"Sikusahau. Nilikuwa namtazama huyu anakula keki."

Coy akakuna kichwa. "Keki ipi, mama?"

"Ya ndizi."

"Aa. Ile ilikuwa nzuri sana, mama."

Duara zima likaangua kicheko. Ardith hakucheka. "Wiki tisa, Marlys," alisema. "Wiki tisa napiga magoti nakausha, na huyu ananiambia mikono yangu ndiyo inamwaga. Ungekaa na wivu wako kwako." Akakunja kiti chake akaenda zake, na kwa watu hawa kuondoka na kiti kabla ya jua kuzama ni tusi zito.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Meneja alitaja jina la Coy, zikainuka uma hamsini na nane. Wa kwanza ulikuwa wa Ardith, aliyetoka jikoni na aproni yake makusudi, akauinua huku amemkazia macho Marlys.

Likatajwa jina la Marlys. Zikainuka uma thelathini na moja. Mmoja ulikuwa wake mwenyewe, na hakuuficha.

Mwingine ulikuwa wa Coy. Aliuinua juu kabisa, kipande cha chapati kikiwa bado kimechomwa, shira ikimtiririkia kwenye mkono wa shati.

Ukimuuliza Marlys leo ni nini kilimuuma zaidi, hataji ubao wa langoni, ingawa jina lake lilifutwa mchana uleule na kila akitoka anaupita. Anataja uma ule.

"Angenizomea ningelala vizuri," anasema. "Mtu akikushinda kazi, sawa, utajifunza. Sasa akikushinda na wema wa roho, utashika wapi?"

Tangu Jumatatu anazungukia trela zote kumi na tisa alizoziandaa Aprili iliyopita. Anabisha hodi, anasema mwenyewe anachotafuta, anapanga karatasi zake, anakanyaga pedali. Hatozi kitu. Hadi tunakwenda mitamboni amekagua kumi na mbili, na zote ni nzima. Ya Ardith aliirudia pia. Alifunguliwa mlango bila salamu, akakuta sakafu kavu, akaondoka bila kuagwa.

Mpango wake ni kugombea tena Januari ijayo. Ameshaanza kuweka akiba ya kununua kamera ya bomba, ingawa anaapa kwamba karatasi ni bora.

"Kwa kazi nitamshinda mwakani, andika," anasema akifunga kisanduku chake cha vifaa. Hatua chache kutoka hapo Coy anaosha lile gari jeupe, anampungia mkono. Marlys anasita, kisha anainua wake, si juu sana. "Kwa lile la uma, nipe miaka miwili."