Kwenda Uwandani Kufuata Fingo la Bibi

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya fingo, chungu kidogo cha udongo chenye kisomo ndani, kilichozikwa chini ya kizingiti chetu Mji Mkongwe ili nyumba isimame. Mwezi uliopita Watu wa Moshi, majini wa uwanda wa Mangapwani, walituibia. Watu wa Chumvi, majini mahasimu wao, wakawavamia njiani, na katika kugombania huko fingo likaangukia uwandani, katikati ya kambi zao mbili. Toka siku ile kuta zetu zinamwaga chokaa na boriti zinalia. Tukaambiwa tuhame. Bibi, aliyezaliwa chumba cha juu, akasema hahami.

Fingo huokotwa na mwenye damu ya nyumba tu. Bibi magoti hayamwezeshi. Mama, mtoto wake wa pekee, yuko Maskati kikazi mwaka wa tatu. Nikabaki mimi.

"Tena Raya ndiye hasa!" alicheka Bi Zuhura, jirani yetu. "Huko wanaita watu kwa majina yao. Ukiitika, ulichobeba chao. Huyu hata mwalimu akimwita haitiki!"

Nilicheka na mimi, lakini iliniuma.

Saa moja asubuhi Bi Zuhura alinipakia kwenye vespa yake. Bububu tuliposimama kutia mafuta, walipita wasichana wawili wa darasani kwangu. Hawakunisalimia, na mimi nikajifanya nasoma kibao.

Mangapwani aliniacha kwa Bi Mwanakombo, mwenye nyumba ya mwisho kabla ya uwanda.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Ushakula?"

"Nshakula."

"Muongo. Kaa." Akanipa muhogo wa nazi. "Watakuita kwa ukali kwanza. Hiyo haina neno. Mtoto aliyelelewa akiitwa kwa wema huitika bila kufikiri, na hapo ndipo wanapotunasa."

Adhuhuri niliingia uwandani peke yangu. Ni mawe meusi yanayokata viatu, hakuna mti wala ndege. Kushoto moshi umesimama wima kama nguzo, kulia chumvi inang'aa mpaka macho yanauma. Katikati zimetapakaa taa, pete na vyungu vya nyumba za watu, na kila upande unamchunga mwenzake asiguse. La Bibi nililijua kwa mdomo wake uliomeguka. Nilipolifunga kwenye kanga lilikuwa na joto, kama kikombe kilichotoka kunywewa chai.

"We mwizi! Raya! Geuka!" Moshi ulipiga kelele. Nikaenda zangu. Walinitukana, wakaniigiza ninavyotembea, nikaenda tu. Kusema kweli nilijiona hodari.

Kisha, upande wa chumvi, taratibu: "Mwanangu Raya."

Siku hizi kwenye simu mama huniita harakaharaka, kifurushi kisimwishie. Hii ilikuwa sauti yake ya zamani, ya kutoka jikoni.

"Naam," nikasema.

Kanga ikawa nyepesi. Mtu mwenye nyusi nyeupe alikuwa mbele yangu, fingo mkononi.

"Niite tena," nilimwambia.

Akanitazama kwa huruma. "Sauti hutumika mara moja tu, binti."

Alasiri Bi Mwanakombo aliiona kanga tupu, akanipa maji bila kuuliza. Bi Zuhura alikuja kunichukua, na tulipofika Bububu akasema, "Usilie. Mimi mdomo wangu mbaya."

Nyumbani nilimkuta Bibi barazani.

"Nimeitika, Bibi."

"Nani kakwita?"

"Mama."

Nilingoja anigombeze. Nyumba ndiyo imekwenda, na ni kwa neno langu moja. Siku zote nilidhani sijibu watu kwa kuwa mimi ni mkimya. Kumbe nilikuwa nangoja kuitwa vile.

"Alikwitaje?" Bibi aliuliza. "Sema alivyosema."

Nikasema, nikajaribu kuivuta sauti mwishoni kama yeye. Bibi alifumba macho.

"Hata mimi ningeitika," alisema.

Akanitaka nirudie, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha akainuka akishika ukuta, tukaanza kufunga vyombo.