Kanzu za Idi kwa Fundi Zuberi

Harufu ya mafuta ya cherehani hunitia hasira mpaka leo. Juzi nilipita sokoni Kimironko mafundi wakitia mafuta mashine zao, na miguu ikaanza kuniwasha kana kwamba filimbi imepulizwa. Msinicheke. Mimi ni beki wa pembeni, nalipwa kupanda na kushuka ubavu wa kulia, na mwalimu wangu wa kwanza ilikuwa chuki.

Uwanja wetu ulikuwa uchochoro wa Biryogo, na upande wa kulia palikuwa na baraza ya Fundi Zuberi, mshona kanzu. Alishatangaza kwamba mpira utakaogusa kitambaa chake ataupasua. Basi upande ule nikaushika mimi, msichana peke yangu kati ya wavulana, nikikimbia goli hadi goli ili mpira usipande barazani. Mama naye alikaa hapo hapo, akimtarizia Zuberi shingo za kanzu kwa mkono. Kila nikipita ananinong'oneza, "Buhoro, mwanangu," yaani polepole.

Ramadhani moja mpira ukanishinda mbio. Ulikuwa wa ngozi, zawadi ya kaka yangu kabla hajahamia Kampala. Ukagusa kanzu nyeupe, ukaacha doa la udongo mwekundu.

"Leta hiyo mpira," Zuberi akasema, kwa upole kabisa. Akachukua mkasi, akaupasua kama chungwa. "Mtoto wa kike iko na kazi nyumbani."

Nikamtazama mama. Akainama, akaendelea kutarizi. Alizoea kusema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Siku ile mimi nilisikia kimya tu, na kiliniuma kuliko ule mkasi. Baada ya siku chache akaacha kwenda barazani. Nikajua amefukuzwa kwa ajili yangu. Nikaapa kwamba nitakuwa mtu, nitarudi, nitamwekea Zuberi mpira mpya mezani nimwambie, haya, pasua.

Nimecheza miaka yote na kiapo hicho. Kila winga niliyempokonya mpira alikuwa na sura ya Zuberi. Mwaka huu nikasikia anawaambia wateja kwamba nilikulia barazani kwake. Nikanunua mpira.

Mama alinikuta nikiujaza upepo. Nilipomweleza ninakokwenda, hakuacha kuchambua maharage yake. "Umechelewa," akasema. "Mimi nilishamaliza."

Hakufukuzwa. Alisubiri mpaka zibaki siku mbili Idi ifike, Zuberi ameshapokea kazi ya kanzu za nusu ya mtaa na shingo bado hazijatariziwa, ndipo akachomeka sindano kwenye kanga yake na kuaga. Wanaume wakaswali Idi na kanzu za mwaka uliopita. Zuberi alikuja kwetu mara tatu kumbembeleza.

"Nikamwambia, mtoto wa kike iko na kazi nyumbani."

Hodi zile nazikumbuka. Nilijificha uvunguni nikidhani amenifuata mimi na mkasi wake. Na miaka yote nilidhani mama aliinama kwa woga, kumbe alikuwa anahesabu siku.