Vumbi la Mama kwa Sauti Nne

Enzi zetu kwaya ilianza na chaki. Mwalimu aliandika do, re, mi ubaoni, tukaimba nota kwanza, maneno baadaye, na aliyekosea alirudia peke yake mbele ya wenzake mpaka aive. Vijana wa siku hizi wanausikiliza wimbo kwenye simu, wanaufuata hivyo hivyo, halafu wanasema wametoka mazoezini. Haya bwana.

Tulikaa Kariakoo, vyumba vya nyuma ya duka la baba la sabuni na chumvi. Malori yakishusha mizigo, vumbi lilifika mpaka kwenye sufuria ya mtori wa ndizi, na mama alipaza sauti toka jikoni: "Fungeni mlango, vumbi linaingia!" Alifariki nikiwa darasa la saba. Tulimzika nyumbani Kilimanjaro, kama ilivyo desturi yetu Wachaga, kwa hiyo hapa Dar hatukuwa hata na kaburi la kwenda kulilia. Mlango ukawa unashinda wazi. Baba, ambaye besi nzima ya kwaya ilimtegemea, akaacha kuimba. Hata mluzi wa dukani ulikoma. Niliogopa sana, maana niliona mama ameenda na baba naye ananiponyoka.

Nikaandika shairi la kumlilia mama, lenye vina na mizani kama tulivyofundishwa shuleni. Kibwagizo chake kilikuwa hiki: "Nani afunge mlango, vumbi laingia mama." Mwalimu wa kwaya alilisoma, akafuta miwani, akasema ataliweka kwenye sauti nne, liimbwe kwenye ibada ya kumkumbuka.

Mama mmoja wa soprano akagoma. Vumbi, alisema, si neno la kanisani, tuweke machozi. Mwalimu akamuuliza kwa upole, "Mama, kwani Mungu alituumba kutokana na kitu gani?" Vumbi letu likabaki.

Mimi na dada yangu tukawa tunafanya mazoezi tukiosha vyombo, yeye soprano, mimi alto. Baba alikuwa upande wa pili wa pazia, akipanga katoni. Jioni moja tulipofika kwenye kibwagizo, besi ikaingia toka dukani, ya kubuni mwenyewe. Ikateleza kidogo, ikarudi, ikashika. Hatukugeuka, tukihofia atanyamaza. Tukaendelea kusugua sahani zilizokwisha kutakata, machozi yakidondokea kwenye karai.

Baba akarudi mazoezini, na mwalimu alipoisikia besi ile, alifuta ya kwake ubaoni akaandika ya baba. Siku ya ibada baba alisimama mstari wa nyuma na suti yake ya harusi, na nilijivuna mimi, we acha tu. Mtoto wa darasa la saba, kanisa zima linaimba maneno yangu!

Wimbo ule bado unaimbwa misibani. Vijana wameutilia kinanda na madoido chungu nzima, wanayumba kama wako harusini, lakini besi ni ile ile ya baba, hawajathubutu kuigusa. Yeye sasa amelala Kilimanjaro ubavuni kwa mama, na mimi nikitaka kuwazuru bila kupanda basi, nauimba.

Siku hizi naishi ghorofani Upanga, madirisha ya vioo, vumbi hata ulialike haliji. Zamani mlango wetu ulikuwa na mtu wa kuupigia kelele. Huu wa sasa unajifunga wenyewe.